Oktoba Kilkenny: siku za magongo katika daraja la kati

Jumamosi, Dublin hadi Kilkenny

Treni ya Waterford huondoka kituo cha Heuston, Dublin, na baada ya kama saa moja na nusu inakushusha kituo cha MacDonagh, Kilkenny. Kutoka hapo huhitaji teksi. Uwanja wa Nowlan Park uko mwendo wa miguu, na siku ya mechi unafuata watu tu. Leo walitembea kifamilia: babu, mama, watoto wenye magongo mikononi, wote na skafu za klabu moja. Ng'ambo ya barabara ilipita familia nyingine yenye rangi nyingine. Hawakurushiana maneno. Walisalimiana kwa majina, maana wengi wamesoma shule moja na wengine wameoleana.

Kila Julai Ayalandi hukaa mbele ya televisheni kuangalia fainali ya timu za kaunti ya harlingi, mchezo wa magongo wa Kiayalandi, na uwanja wa Croke Park, Dublin, hujaa watu zaidi ya 82,000. Kilkenny wameitwaa mara 36, kuliko kaunti nyingine yoyote, ilhali wakazi wake wote ni laki moja na kidogo. Hayo yanajulikana. Mimi nimefuata kilicho chini yake: ubingwa wa klabu za daraja la kati ndani ya kaunti hii. Naamini anayetaka kuuelewa mchezo huu aanzie hapa, Croke Park aende baadaye, na nimechukua likizo ili niuone kwa karibu.

Mpangilio ni huu. Klabu 12 ziko daraja la juu, 12 daraja la kati, na zilizobaki ziko madaraja ya chini. Za kati huanza kwa ligi ya makundi mawili, timu sita sita, kisha unakuja mtoano. Bingwa hupanda. Zilizotolewa mapema hukutana tena kuamua nani ashuke. Kwa hiyo katika msimu huohuo klabu ya parokia moja inaota kucheza na Ballyhale Shamrocks, vigogo wa daraja la juu, mwakani, na parokia ya jirani haipati usingizi kwa hofu ya kuteremka.

Majina ya klabu nilizoziangalia sitayataja, wala ya wachezaji. Ni vijana wa kazi, hawalipwi hata senti, Jumatatu wanarudi kazini, na hawakuomba kuandikwa na mgeni.

Nusu fainali ya kwanza ilianza kwa kasi iliyonifanya nishike ukingo wa kiti. Kwa ambaye hajawahi kuona: kila upande una watu 15, na kila mmoja ana gongo la mti lenye ncha pana iliyo bapa. Mpira ni wa ngozi, unaenea kiganjani, uzito wake gramu 110 hadi 120. Ukipita chini ya mtambaapanya ni goli, lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake, katikati ya milingoti, ni pointi moja. Waamuzi wa goli huvaa makoti meupe marefu. Goli likiingia wanainua kibendera cha kijani, pointi ikiingia wanainua cheupe.

Unaruhusiwa kuudaka mpira na kukimbia nao mkononi hatua nne. Ukitaka kwenda mbali zaidi, unaubeba juu ya ncha ya gongo huku unakimbia, na huo ndio ustadi ambao bado sijaacha kuustaajabia. Lakini huruhusiwi kuuokota chini kwa mkono. Lazima uuinue kwa gongo, umeinama, na wenzako watatu wanakujia na magongo yao yameinuliwa. Hapo ndipo roho yangu huruka kila mara. Helmeti imekuwa lazima kwa kila mchezaji tangu 2010, na mtu akiona mechi moja tu ataelewa kwa nini.

Timu iliyokuwa nyuma kwa pointi tano wakati wa mapumziko ilishinda kwa mbili. Watoto waliingia uwanjani mara kipenga kilipolia, kila mmoja na gongo lake, na kwa dakika kumi hivi uwanja mzima ulikuwa wao. Hakuna aliyewafukuza.

Jumapili, Nowlan Park tena

Mvua, nayo si ya mchezo. Mpira ukilowa unateleza mkononi kama samaki, na mechi ikawa ya kugombaniana chini, pointi chache, viatu vikichimba udongo. Kuna watu hawapendi mechi za namna hii. Mimi niliipenda, kwa sababu ilionyesha kwamba wachezaji hawa wakinyang'anywa ufundi wanabaki na ushupavu, na ushupavu wenyewe si haba.

Mzee aliyekaa kando yangu aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Makiungu." Shangazi yake alikuwa mtawa wa Medical Missionaries of Mary, akafanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya Makiungu, Singida, na barua zake zilikuwa zikifika nyumbani kwao na stempu za wanyama wa mbugani. Mzee alizihifadhi zote. Kuanzia hapo nikawa mgeni wake, na siku zilizofuata ndiye aliyenizungusha kaunti nzima kwa gari lake, bila kukubali nichangie hata mafuta.

Nilimsimulia habari za ndondo za Dar es Salaam: jinsi timu ya mtaa ikifika robo fainali inavyoanza kusaka mamluki, na jinsi mtu aliyelala Morogoro jana anavyotokea Kinondoni leo amevaa jezi ya mtaa asioujua hata kwa jina la barabara. Alicheka mpaka akafuta macho. Hapa haiwezekani, akasema. Klabu ni ya parokia. Unachezea unakotoka, na kuhama kunataka kibali na sababu ya kweli. Kama parokia haikuzaa golikipa katika kizazi hiki, basi haina golikipa.

Nililifikiria jambo hilo njia nzima kurudi hotelini. Kupanda na kushuka daraja huku kunaamuliwa kwa sehemu kubwa na watoto waliozaliwa miaka 20 iliyopita: ni wangapi, nani aliwafundisha, wangapi wamebaki na wangapi wamekwenda Australia kutafuta maisha. Kocha hana dirisha la usajili. Ana vijana wa pale, basi.

Jumatatu, kando ya mto Nore

Mzee alikuja na gari saa tatu asubuhi. Tulielekea kusini tukifuata mto, mashamba ya kijani pande zote, ng'ombe wa maziwa, kuta za mawe, na kila baada ya kilomita chache milingoti ya harlingi imesimama mirefu kuliko nyumba.

Bennettsbridge ni kijiji cha daraja la mawe na barabara moja kuu. Katika miaka ya 1950 na 1960 klabu yake ilitawala kaunti. Golikipa Noel Skehan, mwenye medali 9 za ubingwa wa Ayalandi akiwa na Kilkenny, ni wa hapa. Kisha kizazi kile kikazeeka, na klabu ikateremka hadi daraja la chini. Ningependa wanaodhani historia humlinda mtu wafike hapa. Medali zilikuwepo, picha zilikuwepo ukutani, na timu ilikuwa ikicheza daraja la chini mbele ya watu wachache.

Walirudi vipi? Kwa kulea watoto, mzee alisema, wala hakuongeza neno. Mwaka 2015 Bennettsbridge walitwaa ubingwa wa Ayalandi wa klabu wa daraja la chini. Mwaka uliofuata, 2016, wakatwaa wa daraja la kati. Vijana walewale, mfululizo, kutoka shimoni hadi daraja la juu la kaunti.

Kuna klabu ya Clara pia, mashariki mwa mji wa Kilkenny, ambayo naona kisa chake ndicho kinacholieleza daraja la kati vizuri kuliko vyote. Februari 2013 walikuwa mabingwa wa Ayalandi wa daraja la kati, wamewafunga St Gabriel's, klabu ya Waayalandi wa London. Oktoba ya mwaka huohuo, msimu wao wa kwanza baada ya kupanda, walitwaa ubingwa wa kaunti wa daraja la juu. Katika Kilkenny, bingwa wa kati anaweza kuwa bingwa wa wote kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana mabingwa wa hapa wakitoka nje ya kaunti wanaogopwa: Carrickshock walitwaa taji la Ayalandi 2017, Tullaroan 2020, Thomastown 2024.

Thomastown tulifika mchana. Ni mji mdogo juu ya mto huohuo wa Nore, na treni ya Waterford husimama hapo. Upande wa kusini, karibu kabisa, iko Ballyhale, kijiji cha Henry Shefflin na T.J. Reid, ambacho klabu yake ina mataji mengi ya Ayalandi ya daraja la juu kuliko klabu nyingine yoyote. Hebu fikiria kuwa jirani wa klabu hiyo na kuishi miaka mingi daraja la kati. Mwanamke aliyetuuzia chai alituambia kwamba usiku Thomastown waliporudi na kombe kutoka Croke Park, Januari 2024, hakuna aliyelala. Hakuwa akijisifu. Alikuwa akitupa taarifa.

Jumanne, mazoezini

Klabu mojawapo ya zilizoingia fainali iliniruhusu nikae pembeni mwa uwanja. Giza lilikuwa limeshaingia, taa zimewashwa, baridi ya kung'ata vidole. Vijana walifika mmoja mmoja kwa magari yao. Yule beki wa kati ni fundi umeme, na alikuja na ovaroli. Mfungaji wao mkuu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mapacha wawili wanakamua ng'ombe asubuhi na jioni, kwa hiyo mazoezi yamepangwa baada ya kukamua. Mmoja anasoma chuo Dublin, anaendesha saa moja na nusu kuja na saa moja na nusu kurudi, mara mbili kwa wiki.

Sikumsikia yeyote akilalamika, na si kwamba sikuuliza.

Miongoni mwao alikuwepo mchezaji wa timu ya kaunti. Tangu 2022 kalenda imegawanywa: timu za kaunti humaliza Julai, na kuanzia hapo mchezaji ni wa klabu yake peke yake. Kwa hiyo kijana aliyeimbwa na maelfu wakati wa kiangazi, leo alikuwa akipasiana mpira na fundi umeme, na alipoupoteza alifokewa sawa na wengine. Nilimtazama akibeba wavu wa mipira kurudisha stoo mazoezi yalipokwisha.

Uwanja wa pili ulikuwa wa wasichana wa kamogi, mchezo huuhuu kwa wanawake. Ndani ya ukumbi palikuwa na birika kubwa la chai, mikate iliyojazwa nyama na yai, na meza ya bahati nasibu ya klabu. Nilinunua tiketi. Bahati nasibu hiyo ya kila wiki ndiyo inayolipa umeme wa zile taa, helmeti za watoto na mipira. Chama cha Michezo cha Kigaeli, GAA, kiliundwa Thurles mwaka 1884, na tangu wakati huo nguzo yake ni watu wa namna hii, wanaouza tiketi, wanaofyeka nyasi, wanaofua jezi. Wakiacha wiki moja, hakuna mechi.

Jumatano, kwa fundi wa magongo

Karakana iko nyuma ya nyumba, na harufu ya mbao mbichi inakupokea getini. Fundi amerithi kazi kwa baba yake. Alinionyesha kipande cha gogo la mti wa ashi kilichopasuliwa, na kwa mara ya kwanza nikaelewa gongo linatoka wapi. Halikatwi kutoka sehemu yoyote ya mti. Linatoka kwenye shina la chini kabisa, zaidi kidogo ya mita moja, pale shina linapopinda kuingia mzizini. Nyuzi za mti hupinda hapo zenyewe, na fundi hufuata mpindo huo hadi kwenye ncha pana. Gongo likichongwa kutoka mti ulionyooka, litapasuka kwa pigo la kwanza. Mti wenyewe unahitaji miaka 25 hadi 30 kufikia unene unaofaa.

Kisha alinipeleka nyuma, kwenye shamba dogo la miti aliyoipanda baba yake. Nusu ilikuwa imekauka kuanzia juu, matawi uchi. Ni ugonjwa wa kuvu, ulioonekana Ayalandi kwa mara ya kwanza mwaka 2012 kwenye miche iliyoletwa kutoka nje, na sasa umeenea nchi nzima. Wataalamu wanatafuta miti inayostahimili. Wakati huohuo mbao nyingi zinaagizwa kutoka nchi nyingine za Ulaya, na kuna watengenezaji wanaotumia mianzi. Fundi alinipa gongo la mwanzi nilishike. Ni jepesi, ni imara, na wapo wachezaji wa timu za kaunti wanaolitumia.

"Ni zuri," alisema. "Lakini hii miti niliimwagilia nikiwa na miaka saba."

Nilitamani kuwa na la kumwambia. UNESCO iliuingiza mchezo huu kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2018, nao ni uamuzi wa haki, ila urithi wenyewe umesimama juu ya mti unaokufa, na mtu anayeujua zaidi yuko pale karakanani, anapima nyuzi kwa kidole gumba. Mkulima yeyote aliyeona mnyauko ukimaliza migomba yake ya Kagera atajua uso niliouona.

Wakati tunaondoka aliingia mama mmoja na mtoto wa kama miaka sita. Fundi alimsimamisha mtoto wima, akapima gongo kutoka sakafuni hadi usawa wa nyonga, akakata, akalainisha, akafunga ukanda wa bati kwenye ncha. Mtoto hakupepesa macho mpaka kazi ikaisha.

Alhamisi, Tullaroan

Siku fupi. Tullaroan iko magharibi, karibu na mpaka wa Tipperary, na ndiko alikotoka Lory Meagher, nyota wa miaka ya 1920 na 1930 ambaye kombe la Ayalandi la daraja la tano limepewa jina lake. Tommy Walsh pia ni wa hapa, beki mwenye medali 9 za Ayalandi. Alistaafu timu ya kaunti 2014, lakini klabu hakuiacha, na Januari 2020 alikuwa na Tullaroan Croke Park walipotwaa ubingwa wa daraja la kati. Mtu aliyemaliza kila kitu katika mchezo huu alirudi kupigania nafasi ya kijiji chake. Mzee wangu alilieleza hilo kama jambo la kawaida, akiendesha gari, macho barabarani.

Jioni nikapanda treni kurudi Dublin kazini.

Jumapili ya fainali

Nilirudi na treni ya kwanza. Jua lilikuwa limetoka, upepo unavuma kutoka upande wa mji, na kila mtu alikuwa akiuzungumzia huo upepo, maana pointi za mbali huamuliwa nao. Mzee alikuwa amenishikia kiti.

Kipindi cha kwanza timu ya kaskazini ilikuwa na upepo mgongoni. Walipiga pointi kutoka kila kona, mita 60, mita 70, vibendera vyeupe vikipanda na kushuka bila kupumzika, wakaenda mapumziko wakiongoza 0-13 kwa 0-8 (magoli huandikwa kwanza, kisha pointi). Mzee hakushtuka. Pointi tano si nyingi kwa upepo huu, alisema.

Kweli, timu ya kusini, ile niliyoitazama mazoezini, ilianza kupata pointi mojamoja. Yule mwalimu, ambaye ndiye mpigaji wao wa mipira ya adhabu, hakukosa hata mmoja. Lakini kaskazini nao walijibu, na ikabaki dakika tatu wakiwa mbele kwa pointi mbili, 0-19 kwa 0-17. Hapo fundi umeme aliupiga mpira mrefu kuelekea goli. Watu wanne waliruka. Sikuona mkono uliouudaka. Niliona mmoja wa wale mapacha akianguka na kuzunguka, mpira ukapigwa chini, ukamgonga golikipa mguuni, ukavuka mstari. Kibendera cha kijani. Kelele zilizopanda hapo nilizisikia kifuani.

1-17 kwa 0-19. Kaskazini wakasawazisha. Kusini wakapata nyingine, pigo la pembeni kabisa ambalo mpaka leo sielewi lilipitaje katikati ya milingoti. 1-18 kwa 0-20, yaani 21 kwa 20. Katika dakika ya nyongeza kaskazini walipata mpira wa adhabu kwenye mstari wa mita 65, lakini sasa wakipiga dhidi ya upepo. Ulipaa vizuri, ukafifia, ukaangukia mbele ya goli ndani ya msitu wa magongo, na beki akautoa kwa nguvu zote hadi katikati ya uwanja. Kipenga.

Waliofungwa walilala chini pale walipokuwa. Walifunga mara 20 na wenzao mara 19, na wamebaki daraja la kati kwa goli moja lililogonga mguu. Yule mchezaji wa timu ya kaunti, ambaye ni wa upande ulioshinda, alikwenda kwanza kwao, akamwinua mmoja baada ya mwingine, ndipo akarudi kwa wenzake. Nahodha alipopokea kombe alianza kwa Kiayalandi, akawashukuru walimu wa shule ya msingi kabla ya kocha, akawashukuru waliofua jezi, kisha akaomba watu wawashangilie waliofungwa mara tatu. Uwanja mzima ulifanya hivyo kwa sauti ya kweli.

Usiku tuliufuata msafara wao hadi kijijini. Mioto ilikuwa imewashwa kando ya barabara kuanzia mpakani mwa parokia, na basi lilikwenda mwendo wa mguu, wachezaji wamesimama mlangoni na kombe. Ukumbini palikuwa hapapitiki. Katikati ya nyimbo, katibu wa klabu alipanda juu ya kiti na kutangaza kwamba mwezi ujao kuna ubingwa wa klabu wa jimbo la Leinster, kwamba Croke Park ni Januari kwa atakayefika, na kwamba mazoezi ni Jumanne saa mbili kasorobo usiku kama kawaida. Wale mapacha waliondoka mapema, maana ng'ombe hawajui kama kuna kombe. Mimi niliuliza tarehe ya mechi ya Leinster, nikaomba likizo nyingine nikiwa bado nje ya ukumbi.